W ya "two" inafanya nini pale?

Mpwa wangu yuko Fomu Wani, shule ya kata hukuhuku Tabata. Jumatano moja alirudi na daftari la Kiingereza: imla ya maneno kumi, amepata manne. Hakulia, ila alilibwaga daftari kwenye kochi kwa namna ambayo mama yake angekuwepo lazima angesema neno. Nikalichukua. Namba tatu ameandika "tu". Mwalimu ameikata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "two".

"Mjomba, hiyo W inafanya nini hapo? Haisomwi."

Nikampa jibu nililopewa mimi mwenyewe miaka ile: kariri tu, Kiingereza ndivyo kilivyo. Akaniangalia kama abiria anavyomwangalia konda anayedai nauli mara ya pili.

Jibu langu lilikuwa la uvivu, na bahati mbaya ndilo jibu ambalo watoto wetu wengi hulipata. Miaka saba ya shule ya msingi ya serikali wamesomeshwa kwa Kiswahili, lugha ambayo ukisikia neno umeshajua kuliandika. Wakivuka kuingia sekondari, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, na humo wanakutana na K isiyosomwa, B isiyosomwa, GH ambayo leo inasomwa F na kesho haisomwi kabisa. Anayeambiwa akariri atakariri, lakini atabaki akiamini kwamba lugha hii iliandikwa na walevi. Haikuandikwa na walevi. Nyingi kati ya herufi hizi bubu zina ukoo, na ukishaujua ukoo wake, maana za maneno nazo zinaanza kujipanga zenyewe.

Tuanze na hiyo W. Chukua karatasi uandike maneno ya Kiingereza yenye TW: "twice" ni mara mbili, "twin" ni pacha, "twenty" ni makumi mawili, "between" ni katikati ya vitu viwili, "twine" ni uzi uliosokotwa kwa nyuzi mbili. "Twelve" ndilo tamu kuliko yote: kwa asili lilimaanisha "mbili zilizobaki", yaani umehesabu kumi zikaisha, zimebaki mbili mkononi. "Eleven" nalo ni "moja iliyobaki". Sisi tunasema kumi na moja, kumi na mbili, hesabu ileile, tofauti ni kwamba yetu imekaa wazi.

Katika ukoo huo wote, W inasikika. Aliyenyamaza ni mmoja tu, naye ndiye baba mwenye jina: "two". Zamani hakuwa bubu. Waingereza wa kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, walisema "twa", na W ilitoka mdomoni kama inavyotoka kwenye "twende" yetu. Baadaye vokali ikageuka, ikasogea kuelekea sauti ya U. Sasa jaribu kusema "twu" harakaharaka mara tano. Midomo inayokunjwa kwa ajili ya W ndiyo hiyohiyo inayokunjwa kwa ajili ya U, kwa hiyo W inamezwa kabla haijafika nje. Kwenye "twin" na "twenty" vokali ni nyingine, midomo inabidi ifunguke, na ndiyo maana W imepona.

Tahadhari moja mapema: si kila TW ni ya ukoo huu. "Tweet" ni sauti ya ndege tu, haihusiani na mbili wala pacha. Kufanana herufi ni kama kufanana majina ya ukoo hapa mjini. Kuna akina Mushi wawili wakikutana wanakuta babu yao mmoja, na kuna wengine wanaoishia kusalimiana.

Na kabla hatujawacheka Waingereza, tujiangalie. Mtu akijifungua tunasema amezaa. Mtoto je? Amezaliwa. Hiyo L imetoka wapi? Tunakaa, lakini kiti tunakikalia. Tunanunua, lakini ndugu tunamnunulia. Tunatembea, lakini shangazi tunamtembelea. Mama anapakua wali, na wewe anakupakulia. Kila mara neno likirefushwa, L inachungulia kama mtoto nyuma ya pazia. Ni kwa sababu ilikuwepo tangu mwanzo. Kizulu bado kinasema "zala" kwa kuzaa, na Kiganda kinasema "zaala". Kiswahili kiliidondosha L hiyo kwenye umbo fupi, kikaibakiza kwenye umbo refu.

Kwa hiyo sisi nasi tunayo herufi bubu, ila hatuiandiki. Maandishi yetu ya herufi za Kirumi ni ya juzi tu. Kiswahili kwa karne nyingi kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na tahajia tunayofundishwa shuleni ilisanifiwa chini ya kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Wakati huo L ilikwishaondoka zamani, hakuna aliyeisikia, hakuna aliyeiandika. Tungewahi kuanza kuandika hivyo wakati inasikika, leo tungekuwa tunaandika "zala" na kusoma "zaa", na mtoto wa London anayejifunza Kiswahili ndiye angekuwa anabwaga daftari kwenye kochi.

Kiingereza kiliwahi. William Caxton alifungua kiwanda chake cha uchapaji Westminster, London, mwaka 1476, na wachapaji wakaanza kugandisha maneno kwenye karatasi kipindi ambacho matamshi bado yanahama. Midomo ikaendelea na safari, karatasi ikabaki kituoni. Mwaka 1755 Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa, tahajia ilikuwa imekwishaganda kwa sehemu kubwa, na kamusi ile ikaikaza zaidi. Anachosoma mpwa wangu leo, kwa kiasi kikubwa, ni Kiingereza kama kilivyosikika kabla hata Vasco da Gama hajapita pwani hii.

Chukua K ya "knee", yaani goti. Ilitamkwa, K na N zikiandamana, na Wajerumani mpaka leo wanasema "Knie" na K yao inasikika vizuri. Waingereza waliiacha taratibu, na kufikia karne ya 18 ilikuwa imeshapotea. Lakini waangalie wenzake: "knuckle" ni kifundo cha kidole, "knot" ni fundo la kamba, "knob" ni kile kitasa cha duara cha mlangoni, "knead" ni kukanda unga mpaka ushikane bonge. Unaona picha? Kitu kilichofanya uvimbe, kilichojikusanya. "Knit" ni kufuma, na huyu ni ndugu wa damu wa "knot" kabisa, maana kufuma sweta ni kufunga mafundo mengi madogo yaliyokubali kukaa kwa mstari.

"Know", kujua, hayumo kwenye ukoo wa mafundo. Ana ndugu zake wengine waliosoma Kilatini na Kigiriki, na kwao K inageuka G: "ignorant" ni asiyejua, "recognise" ni kumjua mtu tena, "diagnosis" ni kule daktari kujua unaumwa nini. K ya "know" iko kimya, G ya "ignorant" inasema. Ni mtu yuleyule anayenyamaza akiwa nyumbani na kuongea akiwa ugenini.

Sasa WR, ambayo mimi ndiyo ninayoipenda. Ijumaa jioni mpwa alikuwa uani anafua sare. Kukamua shati kwa kulisokota ni "wring". Kiungo cha mkono kilichokuwa kinazunguka pale ni "wrist". Shati likikauka bila kunyooshwa litakuwa na mikunjo, "wrinkle". Spana ya fundi inayozungusha nati ni "wrench", na ukikizungusha kifundo cha mguu vibaya ukateguka, kitendo hicho nacho ni "wrench". Wacheza mieleka wanaokunjana kama nyoka ni "wrestle", na nyoka mwenyewe au mnyoo anavyojinyonganyonga ni "wriggle". Shada la maua, lile la kusuka kwa duara, ni "wreath". Kote humo kitu kinazungushwa, kinasokotwa, kinapindwa.

Nikamwambia mpwa: sasa niambie "wrong" ni nini.

"Kosa."

Kwa asili lilimaanisha kitu kilichopinda. Kiingereza kilikopa neno hilo kwa watu wa Skandinavia waliovuka bahari na kwenda kuishi kule, na kwao lilikuwa ni kupinda tu, kama fimbo iliyopinda. Baadaye likawa la tabia na la hesabu. Hapo Mswahili hahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu sisi tumefanya jambo hilohilo: mawazo potofu yametoka kwenye kupotoa, kupinda kitu kisikae sawa. Mambo yakiharibika tunasema yamekwenda kombo. Lugha mbili zisizojuana kabisa, zimetazama kitu kilichopinda zikaona dhambi.

Lakini na hapa kuna wageni waliovaa sare ya ukoo. "Write", kuandika, halikutokana na kupinda bali na kukwaruza, kuchora alama kwa kitu chenye ncha kwenye ubao au jiwe. "Wreck", ajali ya meli, nalo lina njia yake.

GH ndiyo inayowaliza watoto, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Jirani yetu ni bibi wa Kizanzibari. Akikusalimia asubuhi, ile "subalkheri" inatoka kooni, KH nzito, unaisikia inakwaruza. Sisi wa bara tunasema "heri" laini, tunasema Hamisi, yeye anasema Khamis. Sauti ile ya bibi ndiyo iliyokuwa ndani ya "night". Waingereza wa kale waliiandika kwa H tupu. Baada ya Wanormani kuitawala Uingereza mwaka 1066, waandishi waliozoea mtindo wa Kifaransa wakaja polepole kuiandika GH. Wajerumani wanayo hadi leo: usiku kwao ni "Nacht", mwanga ni "Licht", nane ni "acht", binti ni "Tochter". Weka kando ya "night", "light", "eight" na "daughter", utaona GH zimekaa palepale. Kule Scotland wapo wanaosema "nicht" mpaka sasa. Waingereza walio wengi waliilainisha sauti hiyo mpaka ikayeyuka, kama sisi tunavyolainisha KH ya bibi. Tofauti ni kwamba wao waliacha kaburi lake katikati ya neno.

Waswahili tukikopa maneno hayo hatubebi makaburi. Nenda Kariakoo ukaulize suruali ya kubana ya kike, utaambiwa taiti. Neno hilo limetoka kwenye "tight", na hakuna muuza nguo hata mmoja aliyehangaika na GH. Tumechukua tunachokisikia, tukaongeza vokali mwishoni, biashara ikaendelea.

Shida inakuwa pale GH inapofuata OU. "Though" inasomwa kama "dho" ya dhoruba, "through" ina U ndefu, "thought" ina O ndefu na T mwishoni, "bough", tawi la mti, linakaribia "bau" yetu, halafu "cough" na "tough" zinaishia na F. Herufi nne zilezile, matokeo karibu sita. Kilichotokea ni kwamba ile KH ya kooni haikufa kwa namna moja. Mahali pengine ilipotea kimya, na vokali iliyokuwa mbele yake ikarefuka au kugeuka. Mahali pengine haikupotea, ilipanda kutoka kooni hadi kwenye midomo ikawa F. Lahaja hii ilisema hivi, lahaja ile vile, na Kiingereza sanifu kikaokota neno moja huku na jingine kule bila kuuliza. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini "tough" na si "though" ndiyo yenye F, sina kanuni ya kukupa. Hapo ndipo kukariri kunapokuwa halali. Ila kariri kwa mafungu: "laugh", "cough", "rough", "tough", "enough" ndiyo fungu la F, na kwa mtoto wa Fomu Wani hilo fungu linatosha.

Halafu kuna matapeli. "Delight", furaha, imevaa GH kama mtoto wa ukoo wa "light". Si ndugu. Ni neno la Kifaransa, liliandikwa "delite", halikuwahi kuwa na sauti ya kooni hata siku moja. Watu waliliona linafanana kwa sauti na "light" wakalivisha kanzu ya kuazima. "Could" nayo ilipewa L kwa sababu tu "would" na "should" wanazo. Wale wawili walizipata kihalali, kutoka "will" na "shall". "Could" imetoka "can", ambako hakuna L yoyote.

Matapeli wengine waliletwa na wasomi, na hawa siwahurumii. Deni kwa Kiingereza ni "debt". Lilikopwa kutoka Kifaransa, "dette", bila B, na watu waliandika walichosikia. Wakaja wajuzi wa Kilatini wakasema neno hili asili yake ni "debitum", turudishe B ili ukoo uonekane. Wakairudisha kwenye karatasi, midomo ikakataa. "Doubt", shaka, lilifanyiwa hivyohivyo. Kisiwa, "island", ndiyo fedheha kubwa zaidi: ni neno la Kiingereza cha asili lisilo na S, wakaliwekea S kwa kudhani ni ndugu wa "isle", ambalo lina asili ya Kilatini, "insula". Hawana undugu. Unguja na Pemba, Mafia na Mbudya, vyote kwa Kiingereza vinabeba S ya kosa.

Ingawa hata B ya wasomi ina faida kwa mwanafunzi wa leo. Ukiingia benki ukaomba taarifa ya akaunti, utaona safu ya "debit", pesa zilizotoka, na humo B inasomwa vizuri kabisa. Deni na pesa inayokatwa: B moja. Hii ndiyo mbinu niliyompa mpwa wangu hatimaye. Ukikutana na herufi bubu, mtafute ndugu ambaye kwake herufi hiyo inasema. "Sign" ina G bubu, "signature" ina G inayosikika, zote ni mambo ya kutia alama au saini. "Muscle", msuli, C haisemi. "Muscular", mwenye misuli, inasema. "Autumn", majira ya majani kupukutika ambayo hapa Dar hatunayo, N imenyamaza mpaka useme "autumnal".

Mbinu hiyo ilimfurahisha zaidi kwenye neno "plumber", fundi bomba, ambalo B yake haisomwi. Ndugu yake hayumo kwenye kitabu cha Kiingereza. Yumo kwenye kitabu cha kemia. Mwalimu wao wa kemia alishawaandikia kwamba alama ya madini ya risasi ni Pb, na wao wakashangaa P na B zimetoka wapi kwenye "lead". Zimetoka kwenye Kilatini, "plumbum", risasi. Mabomba ya Warumi mengi yalikuwa ya risasi, na fundi wake akaitwa kwa madini aliyoshika. Mpwa alifungua madaftari yote mawili, akayalaza sambamba sakafuni, akaweka kidole kimoja kwenye B hii na kingine kwenye B ile.

Kuna makundi mengine ambayo hayana hata herufi bubu, herufi zake zinasomwa zote, ila zimekusanya maana kama sumaku. SN ni pua: "sniff" kunusa, "snore" kukoroma, "snout" pua ya nguruwe, "snort" kupumua kwa nguvu puani kama farasi. Cha kuchekesha, "sneeze", kupiga chafya, zamani lilianza na FN, si SN. FN ilipopitwa na wakati, neno likahamia kwa majirani wa pua, na hakuna aliyeliuliza kitambulisho. Kwetu nasi angalia koo, kohoa, kohozi, koroma, koromeo. Sisemi kwamba wote ni wa baba mmoja, lakini ukiyasema kwa mfululizo koo lenyewe linakubali.

Wiki mbili baadaye kulikuwa na mtihani wa majaribio. Alirudi nao, sikuulizia alama, naye hakusema. Akaniwekea karatasi mezani na kunionyesha mstari wa juu kabisa, ule unaokuwepo kwenye kila mtihani tangu mimi nasoma: "Answer all questions."

"Mjomba, kuna W hapa. Haisomwi. Nimemtafuta ndugu yake mtihani mzima."

Nikamuuliza kama amempata. Pembeni ya neno, kwa penseli, alikuwa ameandika "swear", kuapa, na alama ya kuuliza. Yuko sahihi. "Answer" zamani lilikuwa kiapo cha kujibu mashtaka: mtu amekushtaki, nawe unasimama mbele ya watu unaapa dhidi ya maneno yake. W ni ileile.

"Kwa hiyo," akasema, "wanasema tuape maswali yote?"

Akachukua kifutio, akafuta ile alama ya kuuliza.